Imekula Chumvi Nyingi: Trela ya Mzee na Historia ya Chumvi ya Barabarani

Septemba ya mwaka jana fundi mmoja hapa Columbus aliingia chini ya trela ya baba yangu akiwa na tochi na bisibisi. Akaigusa chesisi hapa na pale, akafika karibu na springi ya kushoto, akasukuma. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Hakutumia nyundo wala nini. Akatoka, akajifuta mikono, akaniuliza, "Mlikuwa mnataka kwenda nayo wapi?" Nikamjibu: Louisville kwanza, turudi hapa, halafu Buffalo. Akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Hii haifiki hata Cincinnati," akasema.

Baba hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Alipokwisha kukaa ndipo akasema, "Hiyo trela nimeifunika kila mwaka kama mtoto mchanga. Imeozaje?"

"Chumvi, baba. Ile ya barabarani."

Akacheka kidogo, lakini si kicheko cha furaha. "Kwetu mtu akikuletea chumvi, huyo ni mgeni wa maana. Huku wanaimwaga chini, halafu inakula gari langu."

Mnajua kwa Kiswahili mtu mwenye umri mkubwa tunasema amekula chumvi nyingi. Baba amekula chumvi nyingi, alhamdulillahi, na bado yuko imara. Trela yake nayo imekula chumvi nyingi, lakini kwa chuma habari ni nyingine kabisa.

Wanaotufuatilia wanajua tuko watatu: mimi Columbus, dada yetu Louisville, na ndugu yetu Buffalo. Tulikuwa tumepanga kuivuta hiyo trela katika miji yote mitatu na kurekodi kipindi njiani, wazee wakiwa wamekaa nje na chai. Tulipoahirisha, wengi mliandika kuuliza kulikoni. Nilikuwa nataka kujibu kwa mistari miwili tu. Ila swali la baba lilinishika: imekuwaje kitu ambacho watu walikuwa wanakitembelea kwa miguu wiki nzima, huku kikawa kitu cha kumwaga barabarani? Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyakuta, na mwisho nitawaambia trela tuliifanyaje.

Chumvi ya Uvinza

Tukiangalia familia zetu tatu, zote zimepita kando ya Ziwa Tanganyika. Wazazi wa dada wa Louisville ni watu wa Uvira. Wazazi wa ndugu wa Buffalo ni Warundi waliokaa Kigoma miaka mingi. Baba yangu alizaliwa karibu na reli, mkoa huo huo wa Kigoma. Na wote, bila kujuana, walikula chumvi ya sehemu moja: Uvinza.

Uvinza iko pale ambapo mto Ruchugi unakutana na Malagarasi. Kuna chemchemi za maji ya chumvi, kali kuliko maji ya bahari. Mwaka 1967 wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale, na walichokikuta kilionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kazi yenyewe ilikuwa ya kiangazi. Masika mto ulifurika na kufunika chemchemi. Maji yakishuka watu walikuja kwa maelfu, wakajenga vibanda, wakakata kuni, wakachemsha maji kwenye vyungu mpaka ikabaki chumvi tupu. Machifu wa Wavinza walichukua ushuru wao. Iliyobaki ilibebwa kwenda Buha, Burundi na Unyamwezi, na nyingine ikavuka ziwa mpaka Kongo. Richard Burton alipopita mwaka 1858 akielekea ziwani aliikuta biashara hiyo imeshakomaa zamani. Mwaka 1902, wakati wa Wajerumani, kampuni ilizishika chemchemi, na mwaka 1914 reli ya kati ilipofika Kigoma ilikuwa imepita hapo hapo Uvinza.

Bibi, mama yake baba, alikuwa ananunua chumvi kwa kikombe. Aliitunza kwenye kibuyu kilichoning'inizwa juu ya moto. Baba aliponisimulia hilo nilidhani ni mambo ya panya. Hapana, akasema, ni unyevu. Chumvi ukiiacha mahali penye unyevu inalia maji. Naomba mlikumbuke hilo, tutalirudia.

Kila mji na chemchemi yake

Nilidhani Marekani chumvi imekuwa rahisi siku zote. Sivyo. Miji yetu yote mitatu ina Uvinza yake.

Kusini kidogo ya Louisville, karibu na Shepherdsville, kuna mahali panaitwa Bullitt's Lick. Wanyama wakubwa, pamoja na nyati wa huku, walikuwa wanakuja kulamba udongo wenye chumvi, na njia zao zilikuja kuwa barabara za watu. Kuanzia mwaka 1779 walowezi walichemsha chumvi pale kwa ajili ya kuuza, kwenye masufuria makubwa ya chuma, na misitu ya karibu ikaisha kwa kuni. Ilikuwa biashara kubwa ya kwanza ya Kentucky. Bila chumvi hukuweza kuhifadhi nyama, na bila nyama hukumaliza majira ya baridi. Na sehemu kubwa ya kazi ya kukata kuni, kuchota na kuchochea moto ilifanywa na watu weusi waliokuwa watumwa.

Hali ilikuwa hiyo hiyo mtoni Kanawha, kule West Virginia ya leo. Booker T. Washington, baada ya utumwa kukomeshwa, alifanya kazi akiwa mtoto kwenye tanuri la chumvi pale Malden pamoja na baba yake wa kambo. Mapipa ya huyo baba yaliandikwa namba 18, na hiyo 18 ndiyo maandishi ya kwanza ambayo Washington alijifunza kuyatambua. Mtu aliyekuja kuanzisha chuo cha Tuskegee alianza kusoma kwenye pipa la chumvi.

Kwetu Ohio chemchemi zilikuwa Jackson, kusini mashariki ya Columbus. Ohio ilipokuwa jimbo mwaka 1803, serikali kuu iliziacha chemchemi hizo mikononi mwa jimbo, maana hakuna aliyetaka mtu mmoja amiliki chumvi ya watu wote. Na kwa upande wa Buffalo kuna Syracuse. Ushuru wa chumvi ya Syracuse ulisaidia kulipia Mfereji wa Erie, uliochimbwa kati ya 1817 na 1825, na mwisho wa mfereji huo upande wa magharibi ndio Buffalo. Kwa hiyo ndugu yetu anakaa kwenye mji uliokuzwa kwa ushuru wa chumvi. Nilimwambia, akasema, "Ndiyo maana gari langu linaidai."

Kwa hiyo mpaka hapo babu zetu wa Kigoma na watu wa huku walikuwa sawa. Chumvi ilikuwa mali, ilitozwa ushuru, ilimaliza misitu, na huku ilimaliza na watu.

Ilivyoshuka barabarani

Kilichobadilisha mambo ni mashimo. Chini ya Ohio kaskazini, Michigan, New York na Ziwa Erie lenyewe kuna tabaka la chumvi ya mawe, mabaki ya bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Huihitaji kuichemsha, unaipasua kwa baruti na kuipandisha juu. Mgodi wa Retsof, safari ya kama saa moja kutoka Buffalo, ulianza mwaka 1885. (Jina hilo ni Foster kwa kinyumenyume, jina la mmoja wa waanzilishi. Sitii chumvi, ni kweli.) Ulikua mpaka ukawa mgodi mkubwa kuliko yote ya chumvi Marekani. Tarehe 12 Machi 1994 sehemu ya dari yake iliporomoka, maji yakaanza kuingia, na ukaja kufungwa. Wachimbaji wote walitoka salama. Miaka michache baadaye mgodi mwingine ukafunguliwa jirani.

Mkitoka Louisville mkifuata I-71 mnapita Columbus na kuishia Cleveland. Pale Cleveland, kwenye ufuko wa ziwa, kuna mgodi unaoshuka kama mita 550 na kuingia chini ya Ziwa Erie kwa kilomita kadhaa. Ukikata kulia kwa I-90 kwenda Buffalo unafuata ufuko wa ziwa hilo hilo. Na chumvi isipohitajika mara moja huwekwa akiba. Louisville kuna pango kubwa lililobaki baada ya watu kuchimba mawe ya chokaa, linafika mpaka chini ya bustani ya wanyama, na humo ndani, pamoja na michezo ya watalii, kuna milima ya chumvi inayongoja majira ya baridi. Dada yetu alishapeleka watoto kule mara mbili bila kujua.

Sasa, kuwa na chumvi nyingi si sababu ya kuimwaga. Zamani theluji ilikuwa haiondolewi; iligandamizwa kwa magogo mazito ili sleji zinazovutwa na farasi zipite vizuri. Miji ilipoanza kutupa chumvi kwenye reli za tramu, wenye farasi walilalamika. Magari yalipoongezeka watu walitumia mchanga na majivu ya makaa. Jimbo la kwanza kufanya chumvi kuwa utaratibu rasmi wa barabara zake lilikuwa New Hampshire, majira ya baridi ya 1941 na 1942. Mwaka ule barabara kuu za nchi nzima zilipata kama tani 5,000. Leo ni tani milioni 20 hivi kwa mwaka.

Katikati ya hizo namba mbili kuna ahadi. Baada ya vita watu walihamia nje ya miji, wakawa wanaendesha kwenda kazini, na mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima. Majimbo yakaanza kuahidi lami nyeusi: theluji ianguke, lakini baada ya saa chache uione lami. Kabla ya hapo majira ya baridi yalikuwa yanasimamisha watu, na hakuna aliyeshangaa. Baada ya hapo, bosi wako anakutegemea saa mbili asubuhi, theluji au hakuna theluji.

Sitaki kuibeza ahadi hiyo. Januari 1977 upepo uliizoa theluji iliyokuwa imelala juu ya Ziwa Erie lililoganda na kuimwaga Buffalo; watu 29 walikufa. Mwaka uliofuata, Januari 1978, dhoruba iliua watu 51 hapa Ohio. Tarehe 17 Januari 1994 Louisville ilipata theluji ya sentimita 40 kwa siku moja, gavana akafunga barabara kuu, na siku mbili baadaye baridi ikafika nyuzi 30 chini ya sifuri. Kwa baridi ya namna hiyo hata chumvi inashindwa, kwa sababu maji yaliyoshiba chumvi nayo huganda yakifika kama nyuzi 21 chini ya sifuri, na barabarani huanza kulegea kazi mapema zaidi ya hapo. Na Desemba 2022 eneo la Buffalo lilipoteza zaidi ya watu 40 katika siku chache za Krismasi, wengi wao watu weusi. Ndugu yetu ni muuguzi. Usiku ule alikwama hospitali, na mke wake alikwama nyumbani na mtoto mchanga, umeme umekatika. Ukimwambia chumvi ni mbaya atakuuliza umewahi kusubiri gari la wagonjwa lisilofika.

Bili inakwenda kwa nani?

Lakini ahadi ina bili, na bili hiyo haiji kwa jina la chumvi. Chumvi yenyewe ni rahisi mno, ndiyo maana inamwagwa. Mwaka 1976 ripoti ya shirika la serikali la mazingira ilipiga hesabu ya hasara inayoletwa na chumvi ya barabarani ikapata karibu dola bilioni 3 kwa mwaka, mara nyingi kuliko gharama ya kuinunua na kuimwaga, na sehemu kubwa ilikuwa kutu ya magari. Mwaka 2017 chama cha madereva AAA kilisema madereva wa Marekani walikuwa wamelipa dola bilioni 15.4 katika miaka 5 kwa kutu ya namna hiyo. Serikali inanunua chumvi, wewe unanunua bomba jipya la breki.

Na mnajua sisi na Toyota. Kwa wazee wetu ni karibu dini. Basi hata Toyota: mwaka 2016 ilikubali mahakamani mpango wa hadi dola bilioni 3.4 kwa sababu ya chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia za miaka fulani zilizokuwa zinaoza mapema.

Mwenye gari jipya la mkopo analibadilisha kabla kutu haijaonekana. Bili inashuka, inashuka, mpaka inafika kwa anayenunua gari la tatu au la nne mkononi. Huyo ni nani? Ni baba, mwaka 2004, na dola 1,800 alizoweka akiba kwa kazi ya usiku, ananunua trela ya futi 13 kwa mtu anayehama. Ni kila mjomba aliyenunua gari Novemba kwa sababu kazi ya ghala iko mbali na basi halifiki. Ohio na Kentucky hazina ukaguzi wa usalama wa kila mwaka kwa gari la kawaida, kwa hiyo hakuna mtu anayelazimika kuinama na kukuangalizia chini. Baba alipofika alifundishwa kujaza fomu, kupanda basi na kupiga simu ya dharura. Chumvi hakuna aliyemwambia. Alipoona unga mweupe kwenye lami alidhani ni barafu iliyokauka.

Kosa letu, hatua kwa hatua

Kutu inataka chuma, maji na hewa. Kazi ya chumvi ni kuyafanya maji yapitishe umeme vizuri, na kutu ni umeme mdogo mdogo unaosafiri kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine. Tena chumvi inanyonya unyevu hewani. Siku za baridi kali barabara huongezewa kloridi ya kalsiamu au ya magnesi, na hizo hunyonya zaidi. Kwa hiyo chini ya gari hapakauki, hata kama juu panang'aa. Na joto likipanda kutu inakimbia zaidi: gari lenye chumvi ukiliingiza kwenye gereji yenye joto bila kulisuuza umeliharakishia ugonjwa.

Trela ndogo ina shida zake za ziada. Gari linaloivuta linairushia matope ya chumvi moja kwa moja kwenye shingo yake, pale mbele inapofungwa. Vyuma vyake vingi ni vya bomba, wazi kwa ndani, chumvi ikiingia haitoki. Ganda lake ni la alumini lililokaa juu ya chuma, na metali mbili tofauti zikilowa chumvi kwa pamoja moja inailisha nyingine. Ule unga mweupe pembeni mwa parafujo ndio huo. Na inakaa miezi mingi bila kutembea, ikiwa na kila ilichokibeba safari ya mwisho.

Sisi tulikuwa tunakwenda Louisville kwa ndugu kila mwisho wa Novemba, tunarudi, na baba anaiosha juu tu mpaka inawaka. Chini hakuwahi kupasuuza. Aliiegesha karibu na barabara, mahali ambapo magari ya kusukuma theluji yanapita na kurusha chumvi. Aliifunika kwa turubai la plastiki, akalifunga kwa kamba mpaka chini, juu ya majani. Na mwaka 2008, alipoona kutu ya kwanza, alipaka chesisi yote dawa nyeusi nzito kama lami, juu ya kutu hiyo hiyo. Ilionekana mpya. Ndani yake chuma kilikuwa kinaliwa kimya kimya miaka 16.

Nilipokuwa namweleza haya alininyamazisha kwa mkono. "Kwa hiyo mimi niliifungia chumvi ndani pamoja na maji." Akakaa. Halafu akasema, "Mama angenicheka. Chumvi unaiweka palipo na unyevu!" Elimu yote ilikuwa kwenye kile kibuyu juu ya moto. Ila nani angefikiria kwamba kibuyu cha bibi kinahusu trela ya Ohio?

Tulichokifanya

Tulipata fundi wa kuchomelea, mzee mmoja wa Kikongo anayefanya kazi kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake. Alikata vipande viwili vilivyooza, kila kimoja zaidi ya mita moja, akaweka vyuma vipya vilivyopakwa zinki kama mabati ya nyumbani. Alitutoza dola 1,150. Ndiyo, kwa trela iliyonunuliwa 1,800. Mama alisema tumerogwa. Lakini baba hakuwa anataka trela nyingine.

Kwa wenye trela, au hata gari tu, haya ndiyo tunayoyafuata sasa.

Suuza chini, si juu tu. Subiri siku joto likipanda juu ya sifuri, chukua kile kifaa cha kumwagilia bustani kinachorusha maji, kiweke chini ya trela kitazame juu, kiache kama nusu saa, kisha ukihamishe. Ingiza maji na kwenye matundu ya vyuma vya bomba. Mashine ya maji ya nguvu usiielekeze kwenye beringi wala kwenye maungio ya waya.

Vuli, kabla ya theluji, chuma kikiwa kisafi na kikavu, kipulizie mafuta mazito yanayotengenezwa kwa nta ya manyoya ya kondoo, nje na ndani ya bomba, lakini mbali kabisa na breki. Hayagandi kama rangi, kwa hiyo hayafungii maji ndani, na kila mwaka unarudia. Baba alitaka tupake oili chafu, kama wanavyopaka nguzo nyumbani kuzuia mchwa. Nilikataa. Inadondoka yote ardhini, na ardhi yetu inamwaga maji mto Olentangy, ambao chumvi peke yake inautosha.

Palipo na kutu tayari, kwangua mpaka uone chuma, paka rangi ya kwanza yenye zinki, halafu ndiyo mafuta. Usifunike kutu kwa lami. Ganda la alumini lipake nta. Plagi ya umeme itie grisi maalum ya umeme, na beringi zikague na kuzitia grisi kila mwaka.

Egesha mbali na barabara, juu ya zege au kokoto, si juu ya majani. Turubai liwe linalopumua, na chini pawe wazi upepo upite.

Na lililo rahisi kuliko yote: baada ya majira ya baridi usitoke mpaka mvua imeosha barabara. Kipindi cha Machi lami imekauka, jua linawaka, unaona umeshaokoka. Lakini ule weupe kwenye lami ni chumvi kavu, inangoja maji na gari lako.

Mwisho wa Machi mwaka huu tulikuwa tayari. Trela imefungwa, chai iko kwenye chupa, dada wa Louisville anatuma ujumbe kila baada ya dakika tano. Baba akatembea mpaka barabarani na fimbo yake, akainama taratibu, akapitisha kidole kwenye lami, halafu, jamani, akakilamba. Nikapiga kelele. Majirani wakachungulia.

Akatema pembeni, akafuta mdomo. "Bado ipo," akasema. "Mvua mbili tena."

Zilinyesha tatu. Tuliondoka wiki ya pili ya Aprili, na njiani tulipitiliza Louisville kidogo tukasimama Shepherdsville ili mzee aone mahali ambapo watu walikuwa wanachemsha chumvi kama Uvinza. Alisimama pale muda mrefu na kofia mkononi, akauliza kuni walikuwa wanazitoa wapi, na nani alikuwa anazikata. Nikamwambia. Hakuuliza kingine.

Sauti za safari hiyo, pamoja na wazazi wa Buffalo wakibishana kuhusu bei ya chumvi ya Uvinza walipokuwa vijana, ziko kwenye kipindi cha wiki hii. Na kama mzee wako ana kisa chake cha chumvi, cha huko au cha huku, tutumie sauti yake. Ila kwanza nenda kainame uangalie chini ya gari lake.